Siku Dikko Alipochemsha Maziwa

Haya nilisimuliwa na Dikko mwenyewe, siku tuliyokuwa tukitwanga mtama nyumbani kwake, mvua zilipokwisha.

Mumewe, Gidado, alikuwa hoi mkekani. Homa ilimjia kila jioni, asubuhi ikamwacha ameloa jasho, nyonga zikimuuma hata kuinama asiweze. Dawa za malaria alizimeza mpaka akazichoka. Basi Dikko ndiye aliyekamua, akachota maji, akachunga, na mgongo wake ukawa si wake tena.

Juu ya hayo, Wune, ng'ombe wake mwekundu, alitupa mimba mara ya pili. Ile ya kwanza kondo la nyuma liligoma kutoka, Gidado akalivuta kwa mikono mitupu. Bwana mifugo akapima damu ya kundi zima. Alisema Wune ana ugonjwa wa kutupa mimba, na ndio huohuo uliomlaza Gidado, umempata kwenye uchafu wa uzazi au maziwa mabichi. Gidado aende hospitali, apewe dawa ya majuma mengi, wala asiikatize. Wune asifugwe na mtu tena, aende kwa mchinjaji. Na maziwa yachemshwe.

Hilo la mwisho lilimkaa Dikko kooni. Kwao, mwanamke anayechemsha maziwa anakausha viwele vya kundi zima. Tena Wune alikuwa ameahidiwa Kumbo, mdogo wake wa kike, ambaye ukame ulimmalizia zizi. Ndivyo wafanyavyo: unamwazima nduguyo ng'ombe, ndama wanabaki kwake, mama anarudi.

Kumbo akafika na kamba begani. Dikko akamweleza yote. Kumbo akauliza tangu lini damu ya ng'ombe ikawa na maneno.

"Dada, sema tu umeninyima. Nimezoea, sitakufa."

"Nikikupa utazika ndama, mdogo wangu. Kisha mumeo atalala kama huyu."

"Mume wangu amelala tangu anioe. Ule si ugonjwa, ni uvivu."

Gidado akacheka mkekani, cheko likaishia kwenye kuguna.

Dikko hakuwa na nguvu za kubishana. Aliinuka, akamimina maziwa ya jioni sufuriani, akayateleka mafigani pale uani, majirani wakiona. Kumbo akalitazama povu likipanda. Hakuna mwanamke wa kwao anayejiaibisha hivyo kwa ajili ya uchoyo.

Akaiweka kamba chini.

"Na yule mtamba mweupe?"

"Damu yake safi. Nilimweka kwa harusi ya binti yangu. Mchukue."

Kumbo alipokea kata ya maziwa, akanywa, akasema yananuka moshi, akanywa tena mpaka yakaisha. Akajinyoosha palepale, mkono chini ya kichwa, akalala. Gidado naye akafuata.

Dikko alitaka kuosha sufuria. Akaegemea ukuta apumzike kidogo kwanza, na usingizi ukamchukua sufuria ikiwa mapajani.