Udhuru wa Bi Fadhiya

Kila Jumatatu, adhuhuri ikishasaliwa, Bi Fadhiya huchukua simu akamwandikia Mwalimu Khairiya maneno yale yale: "Leo sitaweza, nina udhuru." Kisha huitia simu chini ya mto, akaketi dirishani kutazama mabuibui yakipita kichochoroni Kibokoni kwenda darsani.

Mwaka wa pili huo. Mumewe, Kamaludin, alishatangulia mbele ya haki. Watoto wako Ghuba. Darsa ndiyo iliyokuwa imembakia kuwa nyumba yenye watu. Lakini akikohoa, mkojo humtoka. Akiinuka ghafla, humtoka. Siku moja, katika safu ya alasiri, alisujudu akahisi vuguvugu pajani, na alipoinuka akaona doa kwenye mkeka wa watu. Alilifunika kwa upindo wa buibui akangoja wote watoke. Tangu siku hiyo hakurudi.

Nyumbani alikikata kikoi cha marehemu vipande vipande, akawa akivikunja na kuvivaa. Akivifua, huvianika chumbani, si roshani, wapita njia wasije wakauliza nepi za nani katika nyumba isiyo na mtoto. Sala moja aliirudia mara tatu, mara nne, kila udhu ukimvunjika, hata magoti yakafura. Dawa hakuitafuta. Alijiambia huo ni uzee, na uzee hauna tabibu.

Jumatatu moja Khairiya alipanda ngazi mwenyewe, bila kuitwa. Aliketi juu ya busati, akanywa kahawa, akauliza habari za watoto na za magoti. Kisha akasema, uso mkavu:

"Fadhiya, wenzio wamenituma. Mtu wa miaka sitini na miwili, kila Jumatatu ana udhuru. Wauliza, damu imerudi, ama waolewa?"

Hapo ndipo Fadhiya alipozinduka. Kwa wanawake wa darsa, udhuru ni siku za mwezi. Miaka miwili alikuwa akimwandikia mwalimu kwamba yumo hedhini! Kicheko kilimpanda, kicheko ambacho hakukicheka tangu Kamaludin yu hai, na kabla hajakaza mapaja, busati lilikuwa limelowa.

Khairiya aliona, wala hakugeuza uso. Alishika pembe moja ya busati, wakalikunja pamoja. Akauliza tu tangu lini, na Fadhiya akaeleza yote, tangu uchungu wa kitinda mimba wake, Jamaldin, aliyezaliwa pande la mtoto, hadi ule mkeka na kile kikoi.

"Kumbe udhuru wako ni wa kweli," akasema Khairiya. Akamweleza kuwa mwenye maradhi hayo hujisafisha akajifunga kitambaa, akatawadha wakati ukishaingia, akasali mara moja. Kitokacho baada ya hapo Mola keshamsamehe. "Lakini dini haikukwambia uyakalie maradhi. Daktari umemwonyesha?"

Alhamisi alikwenda zahanati moja ya Tononoka, peke yake. Muuguzi, Janet, binti wa bara mwenye sauti ya chini, alimwuliza maumivu yako wapi. Hana. Homa? Hana. Basi nini kimemleta leo?

Fadhiya alitazama sakafu. Njia nzima alikuwa akijifunza kulitamka neno mkojo.

"Nataka kusujudu na wenzangu," akasema.

Janet akaandika hivyo hivyo, kisha akamdodosa taratibu hata neno lenyewe likamtoka. Daktari alipokwisha kumpima, Janet alimfundisha kukaza misuli ya chini, kama mtu azuiaye mkojo, ahesabu hadi kumi kisha alegeze, mara kadhaa kila siku. Ni kazi ya miezi, akamwambia, si ya siku tatu. Wengi hupata nafuu, na asiyepata zipo njia nyingine.

Jumatatu iliyofuata hakuandika kitu. Alijifunga kitambaa akaenda. Mahali pake pa zamani palikuwa pamekaliwa na mke mpya wa Huzaifa jirani yake, mwanamke ambaye hawajapata kusemezana naye, basi akaketi nyuma, karibu na mlango. Hakuna aliyemwuliza kitu. Khairiya alipotia mzaha wake, darsa zima likaangua kicheko. Fadhiya alikaza, akahesabu. Alipofika kumi wenzake walikuwa wamekwisha kucheka.

Akacheka mwisho, peke yake. Mke wa Huzaifa akageuka kumtazama, kisha akasogea kidogo, akampa nafasi kando yake.