Kompyuta Iliyokwama Tarehe Tisa Juni

Mimi ni fundi wa kompyuta, na kazini wananiita Spika. Wanadai nikiongea na simu ghorofani, mlinzi wa getini anajua tatizo la mteja. Siku zote nimewajibu kwamba kosa si langu. Watu wa siku hizi wanaongea na kola za mashati yao, halafu wanataka waeleweke. Mke wangu naye yumo humohumo. Mwaka wa tatu huu tunagombania sauti ya televisheni.

Jumatano moja nilitumwa kwenye kliniki ya masikio ya watoto. Makao makuu yalikuwa yametoa amri: kila kompyuta iwe imepokea sasisho jipya la usalama ifikapo Ijumaa saa sita mchana, na itakayoshindwa ikatwe kwenye mtandao, ibebwe, iwekwe stoo. Ya kliniki hiyo ilikuwa imeshindwa mara kumi na moja. Wala haikuwa kompyuta ya kuandikia barua. Ndiyo iliyoendesha mashine ya kupima usikivu, na mashine nyingine ya namna hiyo ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa basi.

Muuguzi wa pale ni mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya upole. Watoto wanamwita Mama Masikio, na mimi nikamwita hivyohivyo. Aliniomba nisubiri amalize mtoto mmoja, nikasimama kwenye kioo kuangalia. Ng'ambo ya kioo kulikuwa na kibanda kidogo, kuta zake zimebandikwa sponji nene. Ndani alikaa msichana wa miaka minne hivi, amevaa hedfoni kubwa kuliko uso wake, ana kibao chekundu mkononi na ndoo ndogo miguuni. Mchezo wenyewe ni kwamba ukisikia mlio, hata uwe mdogo vipi, unatia kibao kwenye ndoo.

Mama Masikio alibonyeza kitufe. Mtoto akatulia tuli. Macho yake yakaenda pembeni, kama anayesikiliza hatua za mtu aliye mbali, kisha akaachia kibao na kucheka. Miaka ishirini na sita nimefanya kazi na mashine, sijawahi kuona mtu akisikiliza namna ile.

Nilipopewa kiti nilianza kazi. Sasisho lilifika asilimia thelathini na nne, likagoma. Nikafuta mafaili yasiyo na kazi, nikaongeza nafasi kwenye diski, nikazima kinga ya virusi kwa muda. Thelathini na nne, likagoma. Mchana kutwa niliinama pale nikiifokea kompyuta kama mke mwenza, Mama Masikio amesimama kando yangu akipanga vibao vyake. Jioni niliondoka mikono mitupu.

Alhamisi ndipo nilipoitupia jicho kona ya skrini. Tarehe tisa Juni, miaka sita nyuma! Nilicheka mpaka nikakohoa. Kila sasisho huja na muhuri wenye tarehe, na kompyuta iliyobaki miaka sita nyuma huuona muhuri huo kuwa wa siku ambayo haijafika, ikaukataa. Nikajua kibetri cha saa kimekufa. Nikatia kipya, nikawasha, nikaweka tarehe ya kweli, kisha nikatoka nje kwa sababu mtoto wa kupimwa alikuwa mlangoni. Nilirudi alasiri nikitembea kifua mbele. Tisa Juni. Nikamlaani muuza betri, na ukoo wake nikaugusa kidogo.

Ijumaa nilifika saa mbili asubuhi na betri nyingine, ya bei. Nikaweka tarehe ya kweli, nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kuwasha upya. Mama Masikio alinidaka mkono. Sijui nguvu zile alizitoa wapi.

"Usiizime, fundi! Ikiwaka na tarehe ya leo, umeiua."

"Kumbe ni wewe unayerudisha tarehe?"

"Ni mimi. Kila asubuhi, kabla ya mtoto wa kwanza."

Akavuta kiti, akanieleza. Kampuni iliyotengeneza programu ya kupimia ilikufa zamani. Leseni iliisha Desemba ya mwaka ule wa kwenye skrini, na hapakuwa na mtu wa kuiongeza. Programu hujifungua yenyewe kompyuta inapowaka, na ikikuta leseni imepitwa, hujifunga moja kwa moja, hata urudishe tarehe vipi. Kliniki ya mji wa jirani walipuuza, na mashine yao sasa inawekewa vikombe.

"Na kwa nini tisa Juni?"

"Ndiyo siku aliyozaliwa binti yangu. Niliijaribu, ikakubali, nikaogopa kugusa tena."

"Sasa mama, si ungeniambia tangu Jumatano? Betri mbili nimenunua!"

"Nilikuambia." Alinitazama vizuri. "Mara mbili. Umeinama hapo, mimi nimesimama kushoto kwako. Hukunijibu, nikadhani umenidharau. Au unakwenda kunichongea."

Nikaguna. Huyo naye, nilijisemea, kundi la kola za mashati.

Alinifungulia daftari lake kubwa. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa inadanganya, tarehe za kweli alikuwa akiziandika kwa mkono, mstari kwa mstari: jina, umri, sikio la kulia, sikio la kushoto. Watoto elfu mbili mia tatu na saba. Niliyafunua majalada ya kompyuta nikawakuta wote, na wote wamepimwa tarehe tisa Juni. Siku moja, mwanamke mmoja, watoto elfu mbili na ushei. Mimi nimeapa mara ngapi kwamba watumiaji wa kompyuta ni wajinga! Mama huyu alikuwa ameishika siku moja kwa mikono yake miaka sita, isipite, mpaka kila mtoto ahudumiwe.

"Mama," nilisema, na kwa mara ya kwanza niliongea taratibu, "haiendi stoo hii."

Saa nne na nusu niliianza upya kazi. Niliiondoa programu yake kwenye orodha ya zinazojifungua zenyewe, nikaangalia mara tatu kama kweli imeondoka. Nikaweka tarehe ya leo. Thelathini na nne. Mama Masikio akashika shanga za miwani yake. Thelathini na tano. Tukaisindikiza kwa macho mpaka mia. Kisha nikawasha upya. Skrini ikawaka, programu haikujifungua, sasisho limekaa. Nikarudisha tisa Juni, nikamwachia yeye aifungue. Ikafunguka kama vile hapakutokea kitu.

"Bado," alisema. "Kufunguka siyo kupima. Ingia kibandani."

Basi mzee mzima nikaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yamenifika kidevuni, hedfoni kichwani, ndoo mbele yangu. Alipofunga mlango, dunia iliondoka. Sijui niseme nini juu ya kimya kile. Nilisikia mate yangu yakishuka. Kisha mlio mwembamba ukaja sikio la kulia, nikatia kibao. Ukaja mwingine, mdogo zaidi, nikatia. Nilifurahi kama mjinga. Kisha ikawa zamu ya kushoto.

Kimya. Nilimwona ng'ambo ya kioo akibonyeza. Akabonyeza tena. Kimya kitupu. Moyo ulinishuka mpaka kwenye ndoo. Nilitoka mbio.

"Upande wa kushoto umekufa! Sasisho limekula sauti. Mama, nimekuulia mashine!"

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonitisha. Alinitazama kwa macho yale aliyomtazamia yule msichana.

Lakini fundi ni fundi. Jambo la kwanza tulilofundishwa kazini ni kubadilisha upande: ubovu ukihama, kosa ni la waya, ukibaki palepale, kosa ni la kile ulichokiunganisha. Nikarudi kibandani, nikaigeuza hedfoni, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Nikampa ishara. Sikio la kulia likasikia kila kitu, kutoka upande uleule niliouita maiti. Kushoto kukabaki kimya.

Ubovu haukuhama.

Nilikaa pale nimeshika kibao. Nyani haoni kundule, na mimi miaka mitatu nilikuwa nimeyaona ya wenzangu wote. Nikamkumbuka mke wangu, ambaye kwenye kochi hukaa kushoto kwangu. Nikakumbuka ni mara ngapi aliinuka akaenda kulala bila kunijibu, na mimi nikasema amenuna.

Mama Masikio hakuja kunitoa. Alianza kupandisha sauti kidogo kidogo, kwa kidole kimoja, akisubiri kila mara, bila haraka, kama hana mtoto mwingine duniani. Nikafumba macho. Mwishowe, mbali sana, kama nyuma ya kuta tatu, kitu kikalia. Kilikuwa kidogo mno. Kilikuwa changu. Nikaachia kibao kwenye ndoo na machozi yakanitoka, wala sikuyafuta.

Saa sita kasoro dakika tano makao makuu walipiga kuthibitisha. Nikaiweka simu sikio la kulia, nikawajibu kwamba sasisho limekaa, lakini mashine haiwezi kuishi kwa hila milele, na barua ya kuomba mpya nawaletea mwenyewe. Mama Masikio alikuwa ananiandika daftarini, wa elfu mbili mia tatu na nane, umri hamsini na mmoja, kwa tarehe ya kweli. Kwenye kompyuta nipo na watoto wenzangu, tisa Juni.

Jioni nilihama mahali pangu kochini, nikakaa upande mwingine, mke wangu akawa kulia kwangu. Nikachukua rimoti na kupunguza televisheni, nikaipunguza tena, mpaka akanigeukia kwa mshangao.

"Umekula?" aliuliza, kwa sauti yake ya kawaida.

Nilikuwa nimesahau kwamba ana sauti nzuri hivyo.