Mchaichai Uliokunywa Wageni

Nyumbani kwa Emilienne, pale Wamaza, mgeni hakunawia kwenye beseni. Alipelekwa kando ya mlango, akainama juu ya kichaka cha mchaichai, akamiminiwa maji ya birika, nayo yakapita mikononi na kuishia kwenye mizizi. Ndivyo alivyofanya marehemu mama yake, Célestine, kule Lusangi, na kila binti wa nyumba ile alipoolewa aliondoka na shina moja la mchaichai ndani ya kitenge. "Huyu anakunywa wageni," mama alipenda kusema. "Wageni wakikosa, anakauka." Basi hawakukosekana, na mchaichai ulinona.

Emilienne aliyakumbuka hayo kwa pua. Utotoni, akirudi mtoni na ndoo kichwani, harufu ya majani yaliyoguswa na mikono yenye maji ilimfikia kabla hajaiona nyumba. Hapo miguu ilianza kukimbia yenyewe, maji yakimwagika shingoni, kwa kuwa harufu ile ilikuwa na maana moja tu: mgeni amekuja, na akija mgeni kuku huchinjwa. Siku hizi nyumba ya Lusangi haipo. Watu wamechimba dhahabu pale mpaka huwezi kujua mlango ulikuwa wapi. Mashina waliyoondoka nayo dada zake yalikauka zamani, na kilichobaki cha mama ni kichaka hiki cha Wamaza.

Ugonjwa wa mpox, ule unaoambukizwa kwa kugusana, ulipoingia, Musafiri, mdogo wake aliye muuguzi, alimletea bidoni, yaani madumu, za dawa ya mikono, ile ya pombe inayopakwa bila maji. Nyumba iko kando ya barabara na pikipiki hupumzika hapo, kwa hiyo kila msafiri alitakiwa ajipake. Sawa. Lakini Emilienne na desturi yake! Aliitundika dawa palepale mlangoni, na aliyejipaka pembeni alivutwa mkono.

"Inama hapa, papa. Umupe na yeye mikono."

Watu, kwa kuwa ni ya bure, walijimiminia kama mafuta ya mawese, na ziada ikatiririka kwenye majani. Bidoni ikikaribia kwisha, Emilienne aliisuuza na kuumwagia mchaichai masalio. Majani ya upande wa barabara yalipoanza kupauka, alidhani mmea una kiu ya watu. Akazidi kuwaita wapita njia.

Kisha binti yake, Sarah-Grâce, akapata mchumba wa kule mjini Kasongo. Siku ya kumsindikiza ilipofika, Emilienne alichukua jembe kwenda kumtolea shina lake. Udongo ulikuwa mgumu, hauna hata mnyoo mmoja. Alivuta shina la kwanza, likang'oka kirahisi, mizizi imekuwa kahawia na kukauka. La pili vivyo hivyo. Akaita kwa sauti iliyomtisha Musafiri, aliyekuwa akifunga mizigo kwenye pikipiki.

Musafiri alichuchumaa, akanusa udongo. "Dada, ulikuwa unamwanga ile dawa humu?"

"Ni mikono ya wageni, Musafiri. Kama mama."

"Mama alikuwa anatia maji. Hii iko pombe kali. Ku mikono inakauka mara moja, haina neno. Lakini yeye ulimunywesha kila siku. Inakausha majani, inachoma mizizi, na vile vidudu vya udongo vyenye vilikuwa vinamusaidia, vyote vimekufa."

Emilienne alikaa chini na kitenge chake kipya, akalia bila kujificha. Angeupuuza mmea ule, ungeishi. Aliuua kwa kuuheshimu, na hilo ndilo lililomuuma.

Upande wa ukutani, ambako mikono haikufika, lilibaki shina moja, bichi, na mizizi yake myeupe. Moja tu. Moyo ulimwambia alifunike kwa udongo haraka, aseme yote yamekufa. Nani angemlaumu? Sarah-Grâce alikuwa tayari amesimama nyuma yake, na alikuwa ameona.

"Mama, bakia na yo. Miye nitanunua ingine ku soko ya Kasongo."

Ya soko! Emilienne aliinuka. Alilikata majani ya juu, akalifunga kwenye kitenge chenye maji, akambwagia binti yake mapajani pale alipokwisha kupanda pikipiki.

"Ikizaa, nitakuletea shina moja," Sarah-Grâce alisema, machozi yakimtoka.

"Usinilete kitu. Nitakuja kutwaa mwenyewe. Nitakuja mugeni, na utaninawisha juu yake. Na maji, unasikia? Na maji."

Alipolisema hilo ndipo alipogundua kwamba tangu azaliwe yeye ndiye aliyekuwa mshika birika. Mbele ya mchaichai wa mama, hakuna aliyewahi kumnawisha yeye.

"Na kuku itakuwa, mama!" binti alipiga kelele, pikipiki ikinguruma.

Emilienne alipandisha mikono kufuta macho. Ilinuka majani mabichi, harufu ileile ya njia ya mtoni. Na miguu yake, bila kumwomba ruhusa, mbele ya wasafiri wote waliokuwa wakipumzika pale, ikaanza kukimbia kuifuata pikipiki.