Shangazi Amekuja Kazini

Kanuni ilisema mfungwa akitolewa mapema lazima awe na kazi, na afisa wa uangalizi aende akamwone kazini kwa macho yake. Asipokuwa na kazi, anarudi gerezani kumalizia kifungo. Aliyetunga kanuni hiyo bila shaka hajawahi kumtafutia mfungwa kazi hata siku moja. Afisa alikuwa ametafuta mpaka soli za viatu zikaisha. Alichoka, tena ule uchovu wa kulala nao na kuamka nao.

Kimya, mfungwa wake aliyepewa jina hilo kwa ubahili wa maneno, alipata kazi katika karakana ya useremala kwa sababu moja tu: hakuna aliyemuuliza ufundi alijifunzia wapi, naye hakujipendekeza kusema. Bosi wa pale alikuwa mtu wa watu, lakini habari za gereza hakutaka hata kuzisikia.

Basi Afisa akaona aende kama shangazi. Akavaa gauni lake la sokoni, akanunua machungwa, akampigia Kimya simu.

"Nikija uniamkie, tuongee mawili matatu, niondoke. Sawa?"

"Sawa, afande."

"Shangazi, bwana! Utanitia matatani."

"Sawa, shangazi."

Alimkuta ameinamia mlango, anaupiga randa. Bosi akampokea kwa bashasha, akapaza sauti kushinda mashine: "Kimya! Shangazi yako huyu hapa!"

Kimya akageuka. Alipomwona tu, magoti yakakunjika yenyewe. Akachuchumaa kwenye maranda, mikono magotini, kichwa chini, kama wafungwa wanavyochuchumaa mkubwa akipita.

Afisa akajua wameumbuka. Lakini fundi wa vanishi akaangua kicheko. "Oneni heshima hiyo jamani! Mpwa wangu mimi akiniona anabadili njia!"

Wote wakacheka. Hata bosi akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu kalelewa, mama. Hongera."

Wangeyamaliza hapo, mambo yangekuwa shwari. Kimya hakuinuka. Kule alikotoka mtu hainuki mpaka aamriwe, na miaka minane si mchezo. Kicheko kikaanza kufifia.

"Haya mwanangu, inatosha," Afisa akasema. "Inuka basi."

Wapi! Fundi wa vanishi alikuwa ameacha kucheka, anatazama. Uchovu wote wa mwaka ule ukampanda Afisa.

"Simama!"

Ilitoka ile sauti ya ofisini. Kimya akaruka wima, mikono ubavuni, kifua mbele.

"Ndiyo, afande!"

Mtu akazima mashine. Bosi akayatazama machungwa, akamtazama Kimya, kisha akauliza taratibu, "Mama, wewe ni nani hasa?"

Akamwambia. Kuendelea kudanganya kungekuwa kumtukana mzee wa watu. Bosi alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulionyesha wazi kwamba ameumia.

"Kazi yake naijua, sina neno nayo. Mimi ningejikaza," akasema. "Lakini watazame wenzake."

Fundi wa vanishi alikuwa anakusanya brashi zake. Mwingine alikuja kwenye meza ya Kimya, akachukua patasi aliyokuwa amemwazima. Hakuna aliyetukana wala kununa. Kila mtu alichukua tu kilicho chake. Kimya akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mlango ambao haujaisha.

Walipofika barabarani Afisa akasema, "Nisamehe. Nimekuharibia mimi. Nitakutafutia kwingine."

"Na pasipopatikana?"

Angeweza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliona aibu. "Utarudi ndani," akasema.

Kimya akaitikia kwa kichwa. Hakuondoka. Watu wakapita na mizigo yao, wengine wakimpiga vikumbo, naye amesimama tu mbele yake, mikono ubavuni.

"Una neno?"

"Sina, afande. Nangoja ruhusa."

Alitaka kumwambia kwamba barabara ni ya watu wote, kwamba mtu mzima haombi ruhusa ya kwenda kwake. Lakini somo hilo ni refu, lilihitaji mtu aliyelala akashiba usingizi.

"Haya, nenda," akamwambia, na Kimya akaenda.