Kiti Changu Usikishike

Mdogo wangu tulimbandika jina Wakili tangu alipoingia chuo kikuu kusomea huduma na utetezi wa watu wenye ulemavu. Mjomba alimuuliza, "Kwa hiyo utafundisha shule maalumu?"

"Siyo kufundisha, mjomba. Nitakaa upande wa mtu kama dada mpaka asikilizwe."

Jamani, nilivimba kichwa siku hiyo!

Na mimi ndiye niliyekuwa mazoezi yake. Kila likizo anavuta kigoda, anakaa macho yetu yawe sawa, ananiuliza nataka nini, kisha anafunga mdomo angoje jibu. Siku moja mjomba alikisukuma kiti changu cha magurudumu ili apite na sahani yake. Wakili akamjia juu: "Kiti chake ni mwili wake. Muulize kwanza!" Mjomba wa watu aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma.

Kwa hiyo nilipopata chumba cha kupanga, wa kwanza kuambiwa alikuwa yeye. Chumba cha chini, mlango mpana, choo ndani, jirani na kibanda ninachoshonea nguo. Mtu mzima mimi, na bado nikichelewa kidogo mama anapiga simu mtaa mzima! Wakili mwenyewe alikuja kuupima mlango kwa tepu yangu ya kushonea.

"Mama niachie mimi," akasema. "Na kitanda chako nitakibeba mwenyewe."

Nikamwamini. Nikamweleza hata nililomficha mama, kwamba niliwahi kuteleza bafuni, nikajiinua, nikanyamaza.

Jumapili tukakaa mezani: mama, mjomba, yeye na mimi. Wakili akakohoa kidogo.

"Mama, kitaalamu, dada hayuko tayari kuishi peke yake. Ameshaanguka bafuni, na hakumwambia mtu."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto kifuani. "Unasema nini wewe?"

Hakunitazama. Mama ndiye aliyejibu. "Usimlaumu, mwanangu. Mwenzio kamaliza chuo, kapata kazi mji wa mbali. Ukihama, mimi na presha yangu nibaki na nani? Itabidi arudi yeye."

Kumbe! Bafu halikuwa na neno lolote. Mtetezi wangu alikuwa anajitetea mwenyewe, na siri yangu ndiyo aliyoifanya ushahidi. Iliniuma mpaka machozi yakanitoka mbele yao.

"Ungeniambia tu," nikamwambia. "Chumba chenyewe si mbali. Ningekuja kumwona mama kila siku, nawe ungeenda zako kazini. Mbona hukuniuliza?"

"Dada kapandwa na hasira, ngoja apate hewa," akawaambia wao, siyo mimi. Akazunguka nyuma yangu, akashika vishikio vya kiti, akaanza kunivuta nitoke mezani.

Yeye huyo huyo!

Nikafunga breki. Akavuta tena, kiti kikagoma. Mjomba akaacha kutafuna.

"Muulize kwanza," mjomba akasema taratibu.

Wakili akaachia. Mama aliinamia sahani yake. Nikajifuta uso kwa kiganja, nikajisogeza mwenyewe mezani.

"Nahama Jumamosi," nikasema. "Mjomba, naomba unibebee kitanda."

"Nitakibeba, mama."

"Na wewe," nikamwambia mdogo wangu, "usiguse hata mto."