Seva Mbili za Maimuna

Hoteli ile ya Diani ilikuwa na kompyuta mapokezi, stoo na uhasibu, na zote zilitegemea seva moja. Seva hiyo ndiyo iliyojua majina ya wafanyakazi, maneno yao ya siri, na nani anaruhusiwa kufungua nini. Ikizimika, hakuna anayeingia popote. Mwaka 1999, wageni walipoanza kurudi pwani baada ya machafuko ya 1997, ilizimika basi la wageni likiwa mlangoni. Watu walisimama mapokezi wakijipepea kwa pasipoti, huku Atieno, karani wa mapokezi, akiwaandikisha kwa mkono na kuomba radhi.

Lawama zilimwangukia Maimuna, fundi wa kompyuta kutoka Msambweni.

"Tutaagiza mashine kubwa zaidi," alisema Onesmus, meneja.

"Kubwa nayo huzimika, Bwana Onesmus. Nipe ile kompyuta iliyokaa bure stoo niifanye seva ya pili. Inachokijua moja, nyingine itakijua. Moja ikianguka, watu wataingia kupitia mwenzake."

Onesmus alikubali shingo upande. "Yakitokea tena yale, mimi sina la kuwaambia wenye hoteli."

Maimuna aliiweka seva ya pili uhasibu, ng'ambo ya bustani, ili hitilafu ya umeme upande mmoja isizikumbe zote mbili. Ilifanya kazi vizuri mpaka Atieno alipobadilisha neno lake la siri. Asubuhi lilikubaliwa, mchana likakataliwa.

"Maimuna, hii kitu inanichezea," alisema.

Kweli, seva moja ilijua neno jipya, nyingine ilishikilia la zamani. Maimuna alibadilisha kebo, wapi. Alianza upya, wapi. Alianza kuogopa kwamba meneja alisema kweli kuhusu mashine kubwa.

Siku moja alirudi uhasibu, akamkuta mhasibu mkuu mezani.

"Shikamoo, Mzee Nzai."

"Marahaba, mwanangu. Bado yakusumbua?"

"Bado, mzee. Zinaongea, lakini hazielewani."

Akaketi mbele ya skrini, na safari hii jicho lake likatua kwenye saa iliyo pembeni. Ilikuwa nyuma sana. Betri ndogo ya kompyuta ile kuukuu ilikuwa imekufa, na kila umeme ulipokatika, saa ilipotea. Basi seva zikashindwa kujua habari ipi ni mpya na ipi ya zamani. Maimuna alicheka peke yake. Akaenda Ukunda kutafuta betri, akaitia, kisha akaiagiza seva ya pili ifuate saa ya seva ya kwanza daima. Kabla ya alasiri, neno la Atieno lilikubaliwa kote.

Lakini hakutaka kungoja balaa lije lenyewe. Basi la wageni lilipowasili tena, alimwita Onesmus kwenye chumba cha seva ya kwanza.

"Ing'oe kwenye umeme."

"Sasa hivi? Na watu wamejaa pale nje?"

"Ndiyo sasa. Siku tulivu haitatuambia kitu."

Onesmus alimtazama, akainama, akachomoa waya. Feni za mashine zikanyamaza. Wakatoka mbio-mbio hadi mapokezi. Atieno alikuwa amefunga kompyuta yake na kuingia tena kwa neno lake la siri, na sasa alikuwa akimkabidhi mgeni ufunguo wa chumba.

"Iko sawa?" Onesmus aliuliza.

"Kwani kuna nini?" Atieno alijibu, akamgeukia mgeni aliyefuata.

Foleni iliendelea kusogea. Maimuna alisema Alhamdulillahi kwa sauti ya chini, kisha, kwa kuwa mpishi mpya, Rai, alikuwa hajasajiliwa, akamsajili papo hapo kupitia seva ya pili. Baadaye waliirudishia ya kwanza umeme. Iliamka taratibu, ikajisomea kutoka kwa mwenzake yaliyotokea ikiwa imezimwa, na jina la Rai likajitokeza kwenye skrini yake bila mtu kuliandika.

Onesmus aliinua simu, akawapigia wenye hoteli.

"Ninaye hapa mtu," aliwaambia, "ambaye hoteli zenu nyingine zitamhitaji." Akampa Maimuna simu azungumze mwenyewe.