Mahali Ufagio Ulipozunguka

Émilienne anaitwa Mama Espoir mpaka leo, ingawa Espoir mwenyewe hakufikia hata kutambaa. Walimzika nyuma ya jikoni, kule mtaani Mudzipela, Bunia, kama walivyozikwa vichanga wa wakati ule: karibu na moto wa mama, wasishikwe na baridi. Halafu vita. Waliokimbia, naye akiwemo, waliporudi Bunia walikuta kufuli za wengine milangoni mwao, na wakubwa wakawaambia wavumilie, kwa ajili ya amani. Amani gani hiyo, inayolala chumbani kwa mtu na kumwacha mwenye nyumba nje ya lango?

Nyumba alishaacha kuidai. Alitaka kujua jambo moja tu: kaburi lipo, au wamelimwagia simenti?

Ndiyo maana aliposikia kwamba Fabien, kijana aliyesomea sanaa Kinshasa, amepiga filimu ndani ya nyumba za mtaa ule, akaenda. Fabien alikuwa ametundika shuka nyeupe pande zote za depo ya zamani ya kahawa, picha zikarushwa juu yake zote kwa pamoja, hata mtazamaji akajikuta amesimama katikati ya nyumba ya watu. Hapa sebule, pale sufuria motoni. Na nyuma, kiwanja.

Kiwanja chake.

Mama Espoir akavua sandali, akapiga hodi.

Watu wakacheka. "Mama, weye unapigia shuka hodi?" akasema dada mmoja.

Kwenye shuka, mwanamke aliyekuwa akifagia akainua kichwa, akasikiliza, akaendelea. Simenti ilikuwa imefunika kiwanja chote, ila kipande kimoja cha udongo, kidogo kama beseni. Ufagio ulifika pale ukazunguka.

"Fabien, mwanangu, ile fasi, pale pa udongo, juu ya nini hafagie?"

"Hata miye niliuliza, mama. Eti simenti inakataa kukauka. Banamwaga, asubuhi banakuta maji. Sasa banaacha."

"Na amenisikia."

"Hapana, mama. Iko filimu tu. Inaisha, inaanza tena, vilevile."

Ikaisha. Ikaanza tena. Sebule, sufuria. Lakini safari hii mwanamke hakushika ufagio. Alitoka jikoni na kiti cha wageni, akakipangusa kwa pindo la kitenge, akakiweka kando ya ule udongo. Kisha akageuka kutazama langoni.

Fabien alinyoosha mkono kwenye mashine yake, akaurudisha bila kuigusa. "Hii sikuipiga," akasema.

Mama Espoir alibeba sandali mkononi, hakuzivaa. Akapita sokoni, akapandisha mpaka lango ambalo siku zote alilipita akiangalia upande mwingine. Akapiga hodi.

"Karibu, Mama Espoir," ikajibu sauti kutoka nyuma ya jikoni. Akaingia. Alikuwa yule yule wa kwenye shuka; hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Mwanamke alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. "Mutoto analia kila siku, na siye hatuna mutoto. Kuja umunyamazishe."

Kiti kilikuwepo. Mama Espoir akakaa, akaweka nyayo juu ya udongo uliolowa, wala mvua haikuwa imenyesha. Akaanza kubembeleza, chini kwa chini. Mwanamke akashika ukuta, akashusha pumzi: nyumba ilikuwa imenyamaza.

Walikaa hivyo mpaka jua likashuka.

"Sasa mama," mwanamke akauliza kwa woga, "utarudi kwenu saa ngapi?"

Mama Espoir hakuinua kichwa. "Kwetu ni wapi?" akamuuliza.